Mpokeaji Hakupatikana

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mzigo wangu umeshaondoka kituo cha kupangia mizigo, ila haujanifikia. Nakutangazia wewe kwa kuwa sina mwingine, mke wangu alishatangulia, majirani wanarudi wamechoka, nami ni fundi umeme mstaafu, kutwa niko na redio. Binti yangu aliye mbali amenitumia kifurushi, na kampuni ya usafirishaji inaniandikia kila hatua, mara "kimesajiliwa", mara "kiko njiani", nami najibu kila ujumbe, "Asante mwanangu, safari njema," maana hakuna mwingine anayeniandikia. Kikakaa "njiani" wiki nzima bila neno, nikakosa raha kama nina mgonjwa, halafu jana wakasema "kinaletwa leo", nikanyoa ndevu, nikavaa shati la pasi, nikakaa sebuleni kusubiri kengele, na jioni wakaandika: "Mpokeaji hakupatikana." Mimi, nisiye na pa kwenda. Sasa naogopa kitarudishwa, na mara ya mwisho binti alipotaka kunitumia kitu nilimwambia asihangaike, sina shida ya kitu, kwa hiyo atasema baba kakataa tena, na huenda asinitafute tena. Naomba msaada, nimewakosea nini hawa watu?

Fundi Niliyepo

Fundi Uliyepo, shikamoo.

Hujamkosea mtu. Huyo unayemwita mwanao ni mashine, mzee wangu. Haisomi majibu, okoa vocha. "Kimesajiliwa" maana yake binti kaandikisha anwani tu, kifurushi huenda bado kiko mezani kwake. "Njiani" ni pamoja na kulala ghalani chini ya mizigo ya wenzake, kwa hiyo kimya si msiba. "Hakupatikana" maana yake dereva alifika, hakufunguliwa, akaenda zake. Kwa kawaida huwa wanakiweka kituoni kwa muda kabla ya kukirudisha. Nenda kesho asubuhi, mwenyewe, na kitambulisho na namba ya mzigo.

Kisha mpigie binti yako, na usimuulize habari za mzigo. Ulimwambia huna shida ya kitu, akakuamini; watoto hututii pale tu tusipotaka. Mwambie nyumba iko kimya. Anayetuma kifurushi baada ya kukataliwa anabisha hodi, baba.

Kabla ya kuchapa haya nilikupigia, nikakuomba ukabonyeze kengele yako, uliyoifunga kwa mkono wako. Mganga hajigangi. Nilisikia ndara zikienda, mlango, kimya, ndara zikirudi.

"Panya wamekula waya," ulisema. "Sijui tangu lini."