Bunga ya mihogo chini ya meza

Constantin, uko kwa telex? Jibu, ndugu yangu. Ni mimi Émile, niko ku gare, stesheni ya treni ya Élisabethville.

Ile konseri ya muziki tuliyokuja kuona, hatukuiona. Tulitafuta kwanza pa kula. Restora mbili zilifungwa. Ya tatu, ya Mama Laurentine, ilijaa basoda ba Katanga na bunduki zao.

Nilimwambia bibi yangu Mujinga mbele ya kuingia: usiseme Kasai, unajua vile banatutafuta tangu Katanga ijitenge. Hakusema Kasai! Alisema tu: "Mama, unichanganyie bukari na bunga ya mihogo."

Bunga ya mihogo, Constantin! Hapa bukari, ule ugali, ni ya mahindi tu; nani anakula vile, kama si bantu ya kwetu Kasai?

Basoda bote bakageuka kumuangalia.

Mama Laurentine angejibu tu "sina". Neno moja! Lakini ni mazoea ya kuuzia bantu yetu, ndugu. Akainama, akatoa ile bunga chini ya meza.

Soda moja akamuuliza polepole: "Mama, hii unamuwekeaka nani?"

Bakamuzunguka yeye. Bakamutwala yeye. Sisi bakatusahau.

Bukari yake tuliiacha juu ya moto, pengine iko pale mpaka sasa. Mujinga analia, anauliza nani ataitoa.

Nimujibu nini, Constantin?