Spika Mbili Zisizo na Skrubu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha mapokezi, tarehe 11 Juni, kuanzia saa tisa na dakika kumi alasiri

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomwonyesha Koplo. Mtaani naitwa Mama Msasa.
Umri: miaka 54
Kazi: fundi seremala wa makabati, mwaka wa thelathini sasa
Makazi: chumba cha nyuma ya karakana yangu, mtaa wa viwanda vidogo

Nimeonywa niseme kweli tupu. Sina haja ya kusema kingine, maana leo kweli imenipendelea.

Mtuhumiwa ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Wanamwita Masikio, si kwa ukubwa wa masikio yake, bali kwa sababu husikia bomba linalovuja nyumba ya tatu. Kwa miaka saba alikuwa fundi wa kurekodi katika studio ya mlalamikaji, ambaye hapa nitamwita mwenye studio. Mwezi wa Agosti mwaka jana walikosana, akaacha kazi na kuhamia kwangu.

Mwezi wa Septemba alinijia na karatasi yenye mchoro. Alitaka kujenga spika zake mwenyewe za studio. Nilimwuliza zina tofauti gani na za dukani. Akaniambia spika za dukani hupamba muziki, lakini za studio kazi yake ni kumwambia fundi ukweli wa alichorekodi, hata kama unaudhi. Alitaka ziwe za honi, yaani sauti itoke kwenye koo jembamba na kupita njia inayopanuka taratibu hadi mdomo mpana kama wa tarumbeta.

"Dada, utaweza kuipindisha mbao hivi?"

"Wewe chora. Ya mbao niachie mwenyewe."

Kila honi niliijenga kwa vipande ishirini na sita vya plaiwudi. Kila kipande nilikikata tundu kubwa kidogo kuliko la mwenzake, nikavibandika kimoja juu ya kingine, kisha nikazifuta zile ngazi kwa patasi na msasa mpaka mkono ukapita ndani bila kukwaruzwa. Koni, ile sahani inayotetemeka na kutoa sauti, tulizipata kwenye spika chakavu za ukumbi wa sinema uliofungwa. Kazi ilichukua miezi mitano, na oda zangu za makabati zilisubiri. Wateja walininunia, nami nikanuna pia.

Sasa naomba makosa yangu yaandikwe vizuri, maana kesi yote iko hapo. Makabati yangu hayana skrubu. Ni fahari yangu. Kila kiungo ni cha ulimi wa mbao unaoingia tunduni na gundi, na nikishafunga nimefunga. Spika nazo nikazifunga hivyo hivyo, koni zikiwa ndani. Mdogo wangu alirudi kutoka dukani akashika kichwa.

"Dada! Zikiharibika tutafungulia wapi?"

"Kazi yangu haiharibiki," nikamjibu. 

Halafu kuna lile koo. Ukichungulia mdomoni unaona giza tu, na mwisho wa giza kuna mwanya wa vidole viwili. Kingo za mwanya ule zilikuwa kali. Mimi siwezi kuona kingo kali nikaziacha. Niliingiza mkono hadi begani, nikazipiga msasa mpaka zikawa za mviringo. Niliifanyia honi ya kulia tu, kwa sababu nilipogeukia ya kushoto mdogo wangu alinidaka mkono.

Vipimo tulivichukua uani siku za Jumapili, mashine za majirani zikiwa zimezimwa. Spika tuliiweka juu ya meza mbili zilizopandana, na maikrofoni mita moja mbele ya mdomo wake, kwa kimo kile kile. Kompyuta hutoa mlio unaoanza chini kabisa, wa kusikika tumboni, ukapanda polepole hadi wembamba wa mbu. Maikrofoni husikiliza, kompyuta huchora mstari. Mstari ukinyooka, spika inasema kweli. Ukipanda, inatia chumvi. Ukishuka, inaficha.

Wa kushoto ulinyooka hadi nikauliza kama kompyuta imekwama. Wa kulia ulikwenda vizuri, ulipofika mitetemo elfu mbili na mia tatu kwa sekunde ukatumbukia shimoni. Masikio hakupandisha sauti. Alisema tu, "Dada, koo umelitafuna."

Niliona aibu, nasema wazi. Nilichanganya gundi na vumbi la mbao, ile dawa yetu maseremala ya kuziba makosa, nikalijenga koo upya kwa ncha ya kijiti, tukapima, nikaongeza, tukapima. Jumapili ya tatu shimo lilikuwa limebaki kovu dogo la desibeli mbili. Nilitaka kuibomoa honi yote nianze upya. Alikataa. Alisema kovu unalolijua lilipo si uongo.

Mnamo tarehe 9 Juni, saa tano na robo asubuhi, mwenye studio alifika karakanani bila taarifa. Mwimbaji mmoja alikuwa amemsimulia habari za spika zetu. Alisimama mlangoni, muziki ukiwa unapigwa, akasikiliza kama dakika tatu bila kupepesa. Kisha akasema, "Hizo ni zangu." Ni kweli studio yake iliibiwa spika mbili mwezi wa Aprili, na mtaa wote unajua. Nilimwambia hizi nimezijenga kwa mikono hii. Akaangalia mikono yangu, akaangalia makabati, akasema, "Mama, sauti ya namna hii haitoki kwenye karakana ya makabati. Mmezivua ganda mkazivisha mbao."

Moyo uliniuma na kufurahi kwa wakati mmoja. Miaka thelathini sijawahi kusifiwa hivyo, na aliyenisifu alikuwa ananiita mwizi.

Leo, saa mbili na nusu asubuhi, askari wawili walimchukua mdogo wangu pamoja na spika na kompyuta. Nilifika hapa saa tatu. Masikio alikuwa tayari mahabusu, na mwenye studio alikuwa hapa mapokezi. Koplo anayeandika maelezo haya alisema jambo ni rahisi: zifunguliwe, zionekane koni za nani. Nikamwambia hazifunguki. Akauliza skrubu ziko wapi. Nikamwambia hazipo. Mwenye studio akacheka, "Si unaona? Mtu asiye na la kuficha huweka skrubu." Koplo akaagiza msumeno.

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Miezi mitano ya kazi yangu ikatwe kama kuni, au mdogo wangu alale ndani, nichague! Nikamwambia Koplo, "Afande, nipe saa moja. Mwizi hajui kovu la mtoto wa mwenziwe." Naomba radhi kwa sauti niliyotumia.

Niliomba hivi. Mdogo wangu apewe karatasi kule kule mahabusu, bila kuiona kompyuta, achore kwa kalamu mstari wa kila spika, kisha Koplo aifungie droo. Baada ya hapo mimi nipime mbele ya wote. Koplo alifikiri, akakubali. Nadhani alitaka kuona tu.

Saa tano na dakika ishirini tulikuwa uani hapa kituoni. Meza mbili zilipandanishwa, na pikipiki zote zikazimwa kwa amri. Kompyuta niliibonyeza mwenyewe; nilikuwa nimemtazama Masikio akifanya hivyo mara zaidi ya mia. Spika ya kushoto, mstari umenyooka. Nikaweka ya kulia. Mlio ukapanda, nami nikawa napanda nao, na pale kwenye elfu mbili na mia tatu mstari ukainama kidogo na kuinuka.

Koplo alileta karatasi kutoka kwenye droo, akaiweka kando ya kompyuta. Wa kushoto umenyooka. Wa kulia una kishimo kimoja, na pembeni kwa mwandiko wa mdogo wangu: "2,300, dada." Koplo alipeleka kidole kwenye karatasi, akakirudisha kwenye kompyuta, mara tatu. Akasema, "Haya mama, nimeona." 

Mwenye studio hakukubali. Alisema michoro haimaanishi kitu, masikio yake ndiyo shahidi. Alitoa flashi mfukoni. "Pigeni wimbo wangu. Nimeurekodi mwenyewe, nimeusikiliza kwenye spika zangu miaka minne. Nitazitambua hata nikiwa nimefumba macho." Kweli akafumba macho.

Wimbo ukapigwa. Askari waliokuwa ndani walitoka nje. Sauti ya mwimbaji ilisimama uani kama mtu, na mimi, mwenye spika, nilisahau kwamba niko polisi. Kwenye ubeti wa pili mwenye studio alifumbua macho akageuka nyuma.

"Nani anasogeza kiti?"

Hakuna aliyekuwa amekaa. Koplo akaamuru turudie. Tulipofika pale pale ikasikika tena: kwii, kisha kwii. Masikio, aliyekuwa ameletwa mlangoni na askari, akasema kwa upole, "Ni kiti chako, bosi. Siku ile ulikataa kusimama tukirekodi. Nilikwambia kinalia, ukasema wewe hukisikii."

"Mimi sijawahi kusikia kitu hicho," mwenye studio akasema. "Miaka minne, sijawahi."

Koplo akashika kalamu. "Hujawahi kukisikia kwenye spika zako?"

"Sijawahi!" Alipokwisha kulitamka neno hilo alilielewa, na uso wake ukabadilika mbele yetu sote. Koplo aliandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Baadaye mwenye studio alinifuata kando, akaniuliza kama naweza kumjengea jozi kama ile. Nilimjibu kwamba sipokei oda kutoka kwa mtu anayedaiwa na mdogo wangu heshima yake. Aanze na hiyo.

Niliyoyasema hapa nimeyafanya, nimeyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika kama yalivyosemwa na kumsomea shahidi. Mlalamikaji ameondoa malalamiko dhidi ya mtuhumiwa. Uchunguzi wa wizi wa Aprili unaendelea. Mtuhumiwa ameachiwa na spika mbili zimekabidhiwa bila kukatwa. Radhi imeombwa na mlalamikaji kwa mtuhumiwa saa kumi na dakika tano alasiri, mbele yangu. Shahidi amedai irudiwe kwa sauti. Imerudiwa saa kumi na dakika sita.

Koplo wa zamu