Tairi Likitoka Ndani

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Kabla hata ya shikamoo nikuambie alichofanya mkeo, huyu mjukuu wako, sasa hivi. Ameingia ndani ya tairi la akiba, kule nyuma ya gari la baba yake, amejikunja kama paka, makalio kwenye shimo la rimu, halafu ananiamrisha, "Mama, funga mlango, twende." Kumtoa hataki. Nimemwacha humo humo, mlango wazi, nami nimekaa hapa kwenye ndoo nakuandikia huku namtupia jicho.

Shikamoo Baba. Hujambo? Mgongo je? Na macho, bado unachomelea bila miwani ukisema inakuchelewesha? Sisi wazima, ila kikohozi cha mtoto kinaondoka kinarudi kama mpangaji. Simu nimepiga mara tatu, najua ulikuwa kwenye grenda husikii, ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi.

Baba, nina ombi, na najua utakunja uso. Mume wangu kapewa chumba kule wanakojenga barabara, anakowapeleka mafundi na vifaa vyao. Hapa anakuja kila baada ya wiki mbili, analala siku moja, huyo. Nikamwambia atuchukue na sisi. Akasema, "Mtakaa wapi? Viti vya mbele na vya kati ni vya mafundi. Nyuma kabisa tairi limejaa tele." Unajua gari lenyewe la zamani. Tairi lilikuwa linaning'inia chini, mnyororo ukaoza kwa kutu, ndiyo likahamia ndani. Nikamuuliza, na likitoka? Akacheka. "Tairi likitoka ndani, mnaingia nyinyi." Kasema mwenyewe kwa mdomo wake, na mama mwenye nyumba alikuwepo anaanika nguo.

Nimeona magari mengine yamebeba tairi nje, nyuma ya mlango. Hukosi vyuma hapo karakana. Unaweza kututengenezea chuma cha namna hiyo? Habari ya geti naijua, Baba. Alikosea. Lakini hiki ni kwa ajili yangu mimi na mkeo.

Binti yako


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, na kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Kikohozi cha mtoto usikichekee, mpeleke akasikilizwe kifua. Mke wangu huyo nampenda, simtaki mgonjwa.

Kwanza la geti, tulimalize. Siku aliyokuja kukuchukua alirudi nyuma bila kutazama, akaligonga, akashusha kioo, akasema, "Pole mzee," akatia gia. Hakushuka. Geti nililichomelea mwenyewe na mpaka leo halifungi vizuri. Wala siyo geti linaloniuma. Ni kule kutoshuka.

Lakini aliyeomba ni wewe. Sasa sikiliza, na asijitie ujuaji. Tairi lisifungwe kwenye mlango. Watu wanafanya hivyo, ndiyo, lakini mlango wa gari la umri ule bawaba zake zimechoka kama magoti yangu. Tairi na rimu lake ni zito, jaribu tu kulinyanyua uone. Litavuta mlango chini, siku moja utaufungua ubaki nao mkononi. Mimi nitatengeneza mkono wa chuma unaojitegemea. Unazungukia kwenye nguzo iliyosimama juu ya bampa la nyuma, na bampa lenyewe linafungwa kwa chini kwenye chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Ukitaka kufungua mlango, unafungua komeo, unausogeza mkono pembeni na tairi lake, basi.

Nataka vipimo. Usiandike namba, maana wewe na namba tangu darasa la nne hamsalimiani. Chukua kamba, piga fundo pale kipimo kinapoishia, kila kamba ifungie kikaratasi. Upana wa tairi. Urefu kutoka bampa mpaka chini ya kioo. Kati ya taa na taa. Kati ya nati na nati kwenye rimu, na unihesabie nati ni ngapi. Namba ya gari nayo isizibwe.

Asije hapa na gari. Geti lenyewe halijapona.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua imekukuta ukiwa na nguvu. Mtoto nimempeleka, wakasema kifua kisafi, ni vumbi tu la uani. Sasa kazi yake kukohoa kwa makusudi apewe ile dawa tamu.

Kamba hizo nimezikata kwenye pindo la nguo yangu ya zamani, ya nailoni haikazi fundo. Nimepima mchana alipolala baada ya kula. Mkeo alikuwa ananishikia upande mmoja, nikimwambia "shika hapo" anashika, nikigeuka kaachia, kakimbiza kuku. Kwa hiyo kila kipimo nimerudia mara mbili. Nati ni sita, nimezihesabu kwa kidole. Tairi nilitaka nilitoe nje kabisa, likanishinda, nikaliinua upande mmoja tu.

Alipoamka akaniona na mafundo yangu, akauliza, "Baba yako ni fundi chuma au anashona suti?" Nikamwambia anashona suti ya gari lako, maana limetembea uchi miaka mingi. Alicheka mpaka akakaa chini. Baba, akicheka hivyo namsamehe hata ya kesho.

Nimeanza kukunja vitu vyetu kidogo kidogo. Mama mwenye nyumba kaniuliza, unahama? Nikamwambia bado, mume wangu anasubiri chuma.

Binti yako


2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi, na kwa mke wangu zaidi. Mimi sijambo.

Umepima vizuri kuliko vijana niliowahi kuwafundisha. Mkono upo kwenye basi la leo, nimeufunga kwa magunia, kondakta nimemwambia akiuburuza nitamchomelea mlango wa basi akiwa ndani.

Huyo fundi wenu wa huko afuate haya. Lile bamba pana linakaa chini ya bampa, bolti nne zinapita mpaka kwenye chesisi. Asinichomelee kitu juu ya kazi yangu. Akishafunga, gari litembee siku moja, halafu nati zote zikazwe tena, hasa ile ya chini ya nguzo. Chuma kipya lazima kikae mahali pake kwanza. Wengi hawarudii. Mwambie mumeo arudie.

Kuna kipande kidogo nimeongeza, kishikio upande wa kulia. Kule nyuma pana kimo na utakuwa unapanda umembeba mtoto. Nimekadiria kimo cha bega lako.

Geti nimelinyoosha. Siku mkipita, mpite. Sitasema neno.

Baba yako


20 Mei

Baba, Baba, Baba,

Shikamoo mara mia! Kimefungwa! Fundi wa huku kakizunguka mara tatu, kagonga na bisibisi, akasema, "Huyu aliyechomelea hii mishono hana haraka ya kufa." Nikamwambia ni baba yangu. Nikajiona mrefu.

Mume wangu kalipeleka gari kwenye ile barabara mbovu ya machimbo kwa mwendo wa hasira, halikulia hata kidogo. Watoto wa mtaa wanausogeza mkono unaenda pembeni, wanaurudisha, komeo linasema ta! Mkeo anawauzia zamu, eti mmoja mmoja apange foleni, ni gari la babu.

Ndani pamekuwa ukumbi. Niliingia nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikamwita mtoto, tukakaa tu wawili humo mlango umefungwa. Hata sijui tulikaa muda gani.

Sasa safari yenyewe ni hivi. Safari ya kwanza kabeba vitu, kitanda, godoro na kabati. Safari ya pili, baada ya wiki mbili, sisi. Kasema viti vya nyuma alivyoving'oa zamani atavirudisha tukae vizuri. Mimi nimebaki na mkeka, sufuria mbili na jiko. Tunalala kama wapiga kambi, mtoto anafurahi kweli.

Barua ijayo utaipata kutoka huko. Nimefurahi mpaka naogopa.

Binti yako


24 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mke wangu hajambo? Wiki mbili zimepita, na nyingine mbili, na hii inakwisha. Simu napiga, haipatikani. Nimemuuliza kondakta, anasema hujampa kitu. Sasa sijui barua niielekeze wapi, nimeiandikia nyumba ile ile. Kama umeshahama, mama mwenye nyumba atairudisha.

Nati zilikazwa mara ya pili? Nijibu hata hilo tu.

Baba yako


19 Julai

Mwanangu,

Barua yangu haikurudi, kwa hiyo uko hapo hapo. Sina salamu nzuri za kuanzia, unisamehe. Naandika nikiwa nimekaa.

Jana nilikwenda mjini kununua vijiti vya kuchomelea. Kwenye kituo cha mafuta nikaona tairi nje ya gari. Mshono wangu naujua hata nikiwa upande wa pili wa barabara. Nikavuka haraka nikijua ni nyinyi, nikiwa nimeshaanza kucheka.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Viti amevirudisha kweli. Mama mmoja akawa anashuka, na mtoto wa miaka kama saba nyuma yake. Huyo mama ni mrefu kuliko wewe, akainama ndipo akakipata kishikio. Mtoto akaita kuelekea mbele, "Baba, nataka soda."

Mumeo akatoka upande wa dereva, akaniona. Nilidhani atajificha. Hakujificha. Akasema, "Shikamoo mzee. Chuma chako kinafanya kazi."

Nikasema marahaba.

Mwanangu, nilikuwa nimebeba kilo tano za vijiti mkononi, na ndilo neno lililonitoka. Marahaba. Halafu nikaona nguzo inacheza. Ile nati ya chini, niliyowaandikia. Hakurudia kuikaza. Ukigusa tairi linatikisika, na nyuma yake barabarani watu wanapita na pikipiki. Nikamwambia, nipe spana. Akanipa. Nikapiga goti pale kwenye mafuta yaliyomwagika, nikaikaza, nikausukuma mkono kwa nguvu zangu zote mpaka ukatulia. Yule mama akaniambia, "Asante fundi." Hakujua mimi ni nani. Sina la kumlaumu.

Tangu jana najiuliza kwa nini niliikaza. Sina jibu zaidi ya hili: sijui kuacha nati imelegea.

Njoo nyumbani. Basi la Ijumaa. Kondakta nimeshamwambia, hakuulizi kitu. Kitanda nimeanza kukichomelea leo asubuhi, kitakuwa kimekauka rangi mkifika.

Baba yako


24 Julai

Baba yangu,

Mkeo kachukua barua yako hii, kaikunja, kaiweka chini ya sufuria iliyokuwa inacheza kwenye jiko. Nimeichomoa ukingo umeshaungua, lakini maneno yote yapo. Nimeyasoma.

Shikamoo. Pole na magoti.

Usijiulize tena kuhusu nati. Ungeiacha, ningekushangaa. Na mimi nina langu la kukuambia, usinikasirikie. Siku ile nilipokuwa napima, nilipoliinua tairi upande mmoja, nilikuta chini yake kandambili ya mtoto, ya bluu, mguu mmoja. Mkeo miguu yake miwili ingeingia humo. Niliishika muda kidogo. Halafu nikairudisha pale pale, nikalishusha tairi juu yake, nikaendelea kufunga mafundo.

Sikukuandikia. Sikumuuliza na yeye. Niliona nikimuuliza atanijibu. Nikajisemea, kasema tairi, basi tulitoe tairi. Likishatoka hatakuwa na cha kusingizia, labda aibu itamfanya atuchukue. Ndiyo akili niliyokuwa nayo, Baba. Nikakuinamisha na mgongo wako wiki tano kwa ajili ya akili hiyo. Siku tulipokaa humo ndani tumefunga mlango, nilijua hatatuchukua. Nilinyoosha tu miguu.

Kitanda kilichoondoka ni kile ulichotupa wewe. Usichomelee kingine kikubwa, sisi wawili tunatosha kwenye kidogo. Ijumaa tunakuja. Mkeka nimempa mama mwenye nyumba, sufuria nimezifunga pamoja. Nikifika nitaomba unifundishe kushika ile mashine, mikono yangu inapima vizuri, ulisema mwenyewe. Watu watacheka, mwanamke na miwani ya moto, wacha wacheke. Mtoto atakua pale pale akiona cheche, na mimi nitakuwa na

Subiri Baba. Mama mwenye nyumba ananiita kutoka uani, anasema njoo haraka, kuna gari limesimama nje linapiga honi. Siyo yeye. Honi yake naijua, hii ni nyingine kabisa. Mtoto ameshakimbia bila viatu anaita baba yake, namwambia siyo, na mimi mwenyewe najua siyo, lakini nimeshasimama nimkimbilie.