Kisu cha Mzee Idrisa

Machame, 14 Agosti 2023

Binti yangu Winfrida,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Mimi mzima, ila mgongo. Mama yako anakohoa lakini shambani anakwenda. Wewe na kazi yako ya habari mnaendeleaje?

Nakuandikia kuhusu video mliyoiweka jana: "Mwislamu avamia kanisa na kisu." Yule ni Idrisa Swai, jirani yetu. Jumamosi tulikuwa na ng'ombe wa sherehe ya jengo jipya la kanisa. Mimi ndiye niliyemwita achinje, kama anavyotuchinjia tangu hujazaliwa, ili Waislamu nao wale. Mlinzi wetu mpya, mtu wa Shinyanga, hakuambiwa. Aliona kanzu na kisu, akamkaba getini. Nilipofika tukacheka. Idrisa alimwambia, "Kijana, ningetaka ugomvi ningekuja na baiskeli?" Mlinzi mwenyewe alikula maini.

Video yenu inaishia alipokabwa. Iondoe leo.

Baba yako


Dar es Salaam, 16 Agosti

Shikamoo baba,

Mpe mama pole. Mimi sijambo.

Video alinitumia binamu Godwin. Nilikuwa peke yangu kwenye zamu, nikaandika kichwa cha habari kabla sijaifungua. Sura ya Mzee Idrisa nimeitazama baada ya kusoma barua yako. Imeshaonwa mara laki tatu. Mhariri anasema tukiiondoa tutaonekana tumedanganya. Nimemwambia tumedanganya kweli. Amesema nisubiri.

Mwombe Mzee avumilie siku chache.

Mwanao Winfrida


Machame, 21 Agosti

Winfrida,

Nyumbani hatujambo, tunashukuru.

Siku chache zako zimepita. Alhamisi usiku migomba ya Idrisa ilikatwa, arobaini na moja. Tumehesabu pamoja. Mjukuu wake naye ametoa video mjini: "Kanisa lampiga mzee wa Kiislamu." Vijana wa msikitini walikuja kumuulizia mlinzi. Amekwishakimbia.

Jana ibadani nilisimama nikaeleza yote. Eliaichi, niliyepata naye kipaimara, akanijibu, "Elisaria, kaa chini. Sisi tumeona."

"Siku ile ulikuwa Himo."

"Nimeona kwenye simu."

Nje walinishika mkono mmoja mmoja. Wanasema binti yangu ameliokoa kanisa.

Baba


Dar es Salaam, 29 Agosti

Shikamoo baba,

Natumaini mama amepata nafuu.

Tumeiondoa jana na kuweka masahihisho. Yamesomwa na watu mia nne na kumi na wawili. Wengi wa walioandika chini yake wanasema Waislamu wamenihonga. Video yenyewe iko kwenye kurasa nyingine nyingi. Nimewaandikia wote, hakuna aliyejibu.

Nakuomba umpelekee Mzee Idrisa isale. Najua jani la msamaha hubebwa na aliyekosa, lakini kazini sitapata ruhusa hadi katikati ya Septemba.

Mwanao Winfrida


Machame, 4 Septemba

Winfrida,

Mama yako amepona. Anakusalimu.

Isale nililipeleka Ijumaa. Idrisa alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Nimemsamehe. Jani hili halikataliwi." Kisha akaendelea kufunga godoro. Gari lilikuwa limeshafika. Anahamia Njoro kwa binti yake. Ana miaka sabini na minne, na kaburi la baba yake liko kwenye kihamba kile, shamba la ukoo wao.

Nilimwuliza, si umesamehe? Akaniambia, "Nimemsamehe Winfrida. Hao wengine siwajui hata kwa majina, na nakutana nao kila nikienda dukani."

Jana wazee wa kanisa tulikutana. Wenzangu wanataka mchinjaji Mkristo kuanzia sasa, na geti lifungwe siku za sherehe. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Aliyepinga nilikuwa mimi peke yangu.

Mwisho wakaniuliza unakuja lini. Wanataka kukupa zawadi mbele ya usharika. Nimewaambia una kazi nyingi. Usije, mwanangu. Watakupokea kwa vigelegele, na mimi nitatakiwa nisimame karibu nawe.

Baba yako