Kiroboto wa Karatasi ya Kumi na Saba

Jumamosi, Agosti. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Meza nimeifuta mara tatu.

Kilichopotea ni karatasi ya kumi na saba, mchoro wa kiroboto, kwenye kitabu changu kikongwe kuliko vyote kuhusu hadubini za mwanzo. Mwezi Juni niliandika hapa hapa kwenye blogu kwamba ilipotelea kwa Mwalimu Yoramu wa Chemba, mzee aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, kabla hajaniuzia kitabu hicho. Niliandika "nimepunjwa". Wengi mlinipa pole.

Pole zenu nazirudisha.

Mimi huhesabu. Kitabu kikiingia ndani, kabla sijasoma neno nahesabu kurasa, kisha michoro. Ndivyo mnunuzi wa vitabu vya kale anavyojilinda, na ndivyo nilivyojilinda maisha yote, tangu nachomelea mageti ya watu Kizota hadi karakana ikawa yangu. Kitabu kile kilitakiwa kuwa na michoro ishirini na minne. Nikapata ishirini na mitatu. Nikarudi Chemba, nikamwambia mzee uani kwake, mkewe na majirani wawili wakisikia: "Mwalimu, hapa umenipunja."

Hakubisha. Alisema, "Hesabu zako hazijawahi kukosea, Nehemia. Mchoro umepungua mmoja." Kisha akamwomba mkewe aniletee maji ya kunywa.

Maji niliyakataa.

Juzi nilikuwa kwa mama, nyumba tatu tu kutoka kwa Mwalimu, natafuta cheti changu cha ubatizo kwenye sanduku lake la bati. Chini ya kadi za kliniki nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Kiroboto, mkubwa kama paka, kila kinyweleo cha mguu kimechorwa.

"Si kiroboto wako huyo?" mama akasema. "Ulilala naye wiki nzima, nikadhani umerogwa."

Nyuma kuna mwandiko wa Mwalimu, kwa wino: Kwa Nehemia, wa kwanza hesabu, darasa la sita. Mwaka ule shule haikuwa na hata daftari la kutoa zawadi. Akaichana kutoka kitabu chake mwenyewe, kile alichoachiwa na daktari wa misheni, akanipa.

Nami nikasahau. Ila ile sifa ya kwamba nimejifundisha mwenyewe, kwamba hakuna aliyenishika mkono, hiyo sikuisahau. Imeandikwa juu kabisa ya blogu hii.

Yeye alikumbuka. Siku ile uani alijua karatasi iko wapi, akanyamaza nisiaibike mbele ya watu.

Nilipotoka kwa mama nilipita mlangoni kwa Mwalimu. Nilipandisha kioo cha gari.

Na kuna baya zaidi. Jana nilichemsha gundi ya unga wa ngano. Nilitaka kuibandika karatasi mahali pake, nikae kimya, nibaki na kitabu kilichokamilika. Gundi imeganda kwenye sufuria, sijaigusa.

Kesho ibada ikitoka, saa nne, Mwalimu, mkewe na majirani wale wale watakuwa uani pale. Najiuliza mwenyewe: Nehemia, usinizungushe. Utakwenda na karatasi mkononi useme mbele yao, au utamtumia mzee ujumbe wa simu? Nataka jibu moja, kabla ya saa nne.