Diski ya Rama Imegoma Tena

Mjambere, Kisauni
4 Agosti 1998

Mwanangu Rama,

Salamu zikufikie, na baridi ya huko isikuingie kifuani. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu na hii kompyuta.

Diski yako ya Linux, ya kuiendeshea hii kompyuta, imefika. Nimeitia, nikaianzisha skripti, hiyo orodha ya amri uliyoiandika ukaniambia, "Mama, itajipanga yenyewe." Haikujipanga. Imesema inamkosa mwenzake na bila yeye haiendi, kisha ikanyamaza. Taipu zote za darasa nimeshauza kwa maneno yako. Nisipokuwa na cha kuwafundishia wasichana baada ya Idi, watakwenda kwa wengine, na darasa langu ndiyo basi.

Mamako,
Mwanasaumu

Leeds
29 Agosti 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, kazi tu nyingi.

Mama, huyo "mwenzake" ndiye nani? Kompyuta imetaja jina la faili, nawe umenitafsiria! Tafadhali ninakilie herufi kwa herufi, na nukta zake. Hapa kwangu skripti inakwenda vizuri kabisa.

Idi sidhani kama nitaweza kuja. Likizo haijakubaliwa.

Mwanao,
Rama

Mjambere
20 Septemba 1998

Rama,

Marahaba. Hatujambo sote.

Mimi niliyewafundisha taipu makarani chungu nzima wa mji huu, leo nafundishwa kunakili! Haya: libncurses.so.4. Nukta zake hizo, zihesabu.

Nyevu, yule binti wa jirani, anapita kila mara kuuliza kama kompyuta iko tayari. Sasa nikimwona najifungia jikoni.

Mamako

Leeds
12 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ndani ya bahasha mna diski ndogo yenye faili hiyo. Ni hiyo tu iliyokosekana, wallahi.

Likizo wamenipa, lakini tikiti za Idi zimejaa.

Mwanao,
Rama

Mjambere
8 Novemba 1998

Rama,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Nimeitia. Sasa inataka libgpm.so.1. Nikiipata hiyo itataka nini, mahari?

Wewe na skripti yako tabia moja. Mwaka wa nne huu nakuuliza mbona huji. Ilikuwa pasi, ikawa likizo, sasa tikiti. Kimoja kikipatikana, unataja kingine. Nimechoka, Rama. Nimechoka nanyi nyote wawili.

Unasema kwako inakwenda. Kwako kila kitu kimo tangu zamani, hata hujui unatumia nini. Basi ifute mashine yako, ibaki tupu kama yangu, halafu utie hiyo diski uone. Usipoweza niambie mapema, nikaazime taipu kabla Nyevu na wenzake hawajaniondokea.

Mamako

Leeds
5 Desemba 1998

Mama,

Shikamoo. Barua yako ilinikasirisha, nikaitia mtotoni mwa meza nisiione. Kisha nikaitoa, nikaifuta mashine.

Skripti ilikwama palepale ilipokukwamia wewe. Nikaongeza faili ya kwanza, ikataka ya pili. Ya pili ikataka ya tatu, ambayo wewe hata hujaifikia. Nimeona haya, mama. Zote nilikuwa nazo humu tangu nilipoanza masomo, nikadhani kila mtu anazo. Nami nikawa nakulaumu kwa nukta!

Nimeiandika upya. Sasa inatazama kwanza kipi hakipo, na kila inachokihitaji kimo ndani ya diski hiyohiyo. Nikaifuta mashine tena, nikajaribu. Ilikwenda mpaka mwisho.

Diski hii siitii posta. Nimerudi kwa wauza tikiti. Ipo safari ya kuzunguka, ya kulala njiani, na ilikuwapo siku zote. Sikuwahi kuiulizia. Mwambie Nyevu darasa lipo.

Barua hii usiijibu, mama. Jibu halitanikuta hapa.

Mwanao,
Rama