Numbi Anakuja Kukurudishia Jina

Likasi, Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Nakuamkia kwa mikono miwili. Mgongo unasemaje? Na lile goti lako linalojua mvua kuliko redio? Sisi huku tunapumua. Vumbi la chokaa la machimbo ya Kakontwe bado linanikohoza, mke wangu Georgette ananigombeza kwa hilo kila jioni, lakini kazi ipo na mkono unaenda kinywani. Kazadi mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mstari kwa kuona aibu. Na huyo aliyeleta barua asiwe karibu. Mpe ndoo, mtume maji.

Mama, usishangae kumwona binti yangu Numbi amefika kwa lori, wakati wenzake wako darasani wakijitayarisha kwa mtihani wa muhula. Hakuja kutembea. Anakuja kukurudishia jina lako, lile tulilompa alipozaliwa. Ukilipokea kwa namna wanayoitaka wale waliomfundisha, ataondoka kwetu, na sijui kama tutamwona tena.

Ngoja nikueleze jinsi tulivyofika hapa. Kuna watu wamefungua nyumba mjini, karibu na shule. Hawasemi ni kanisa. Ukisema kanisa wanacheka, wanakuambia kanisa ni la wazee wanaosinzia. Wao ni Famille, yaani familia. Hawana pasta, wana Coach, kijana wa viatu vyeupe anayekaa kwenye geti la shule saa za kutoka. Na unajua walianza na nini? Umeme. Mtaani kwetu unakatika kila mara, wao wana jenereta, na mtoto yeyote anachaji simu bure. Simu ikichaji, mtoto anafanya nini? Anakaa. Akikaa anapewa soda baridi, ile sucré, anafundishwa kucheza mbele ya taa kubwa ya duara, anapigwa picha, na kesho yake picha iko kwenye simu za mji mzima. Mungu hatajwi hata kidogo miezi ya kwanza. Kinachotajwa ni talent. "Weye iko na talent," Coach alimwambia Numbi, "nani alikuambiaka ivyo ku nyumba?"

Swali hilo lilimwingia, Mama. Kwetu nani anamsifu mtoto usoni? Tunamwambia osha sahani. Siku yake ya kuzaliwa sisi tulikuwa tumesahau, wao wakamletea gâteau yenye mishumaa na vijana wote wakamwimbia. Alirudi nyumbani anang'aa. Mimi mjinga nikafurahi, nikasema afadhali huko kuliko baa.

Mlango wa pili ulifunguliwa baadaye, kwa wale tu waliokwisha kunogewa. Humo ndani ndimo wanamouliza: jina lako lilitoka kwa nani? Bibi yako yuko hai? Nani nyumbani hapendi uendelee? Kila shida wanaipa mwenyewe. Umeshindwa hesabu? Ni jina. Umepata homa? Ni yule bibi anakuvuta kwa kamba. Dawa yake, wanasema, ni kuvua jina mbele ya kamera, kupewa jingine jipya, na kupanda basi kwenda kuishi kwenye kituo chao porini. Shule basi, simu basi, wazazi basi. Mtoto wa jirani yetu Mama Béa alikwenda mwaka jana. Mwezi uliopita mama yake alimwona sokoni, akamkimbilia akimwita. Kijana hakukasirika hata kidogo. Alimtazama akamwambia, "Mama, ule muntu unaita haiko tena." Akaendelea kununua vitunguu. Mama Béa aliletwa nyumbani ameshikwa mikono.

Kisha nikasikia kwamba Jumapili hii ni zamu ya Numbi kuvua jina. Majirani wakasema, "Mupige! Mufungie mu nyumba!" Rahisi kwao. Nimpige vipi mtu niliyemwita mama tangu alipokuwa kwenye kanga? Nani anampiga mama yake? Wewe mwenyewe ulinionya siku tulipompa jina: huyu ni mimi, mkono wako usimguse. Basi nilikwenda kwa hao Famille na Georgette, nikiwa na chokaa mpaka kwenye nyusi.

Coach alitupokea kama wakwe. Akatupa viti, akatupa sucré. Georgette akaiweka chini bila kuigusa. Vijana walikuwa wamejaa, na Numbi kati yao, amevaa tisheti yao iliyoandikwa kifuani "Hakuna anayenikataza."

"Papa, siye hatupiganake na bazazi," Coach akasema kwa upole. "Tunataka tu kumutosha inje ya kamba ya bankambo, bale babu na babibi ba zamani. Ile jina ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Iko muzima, iko ku Manono, analima muhogo."

"Basi mumuulize akubali kuiachia. Atakasirika. Na kama anakasirika, njo mutajua ni nani anamufungaka."

Umeuona mtego, Mama? Ukikubali, wamemchukua. Ukikataa, wewe ni mchawi. Aliyejibu kabla yangu ni Numbi. Alisimama, sauti yake ndogo.

"Coach, minye mwenyewe nitaenda kumuambia nkambo. Siwezi kuvula jina ya muntu pasipo kumuambia ku macho. Ni haya."

Coach akatabasamu. "Haina lazima, ma chérie. Jumapili ni karibu. Manono ni mbali sana."

"Hakuna anayenikataza," akajibu, akishika kifua chake. "Ao kuko muntu?"

Vijana wote walikuwa wanamwangalia Coach. Angesema nini? Akasema nenda, lakini urudi haraka, nafasi yako tunaitunza. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Papa Mukalay, yule anayeleta samaki kwa lori, kumwombea nafasi. Yeye mwenyewe akanionya kwamba mvua imeanza, na matope yakikamata njia ya Manono anaweza kukaa huko mpaka msimu uishe. Nilimwambia hakuna shida. Sikumwambia Numbi. Mungu atanisamehe, au atacheka.

Usidhani ameshapona. Anawaamini bado. Usiku anaomba maombi yao, na kwenye mfuko wake amebeba ile tisheti pamoja na kitenge ulichomtumia. Mimi naogopa, Mama. Naogopa kuliko siku ile jiwe lilipotuangukia machimboni. Usimwite mpumbavu, usiwatukane wale, usilie mbele yake. Mpeleke shambani. Muulize anacheza vipi mbele ya ile taa, na akikuonyesha, mwambie anacheza vizuri. Sisi tulichelewa kumwambia.

Nisalimie Kazadi mwenyewe, maana najua amefika hapa koo limekauka. Msalimie mkewe na lile tumbo lake, nasikia ni kubwa. Msalimie shangazi mwenye duka la chumvi, na kaka yake Baba anayenidai kuku kwa utani tangu harusi yangu. Georgette anawakumbatia wote.

Na siku Numbi atakapokaa mbele yako na kusema, "Nkambo, nimeleta jina yako," usikatae na usikasirike. Inua mikono ulipokee, kisha ulikalie, umtunzie. Mke wa Kazadi akizaa msichana, mtafutieni jina lingine lolote. Hilo lina mwenyewe, anachota maji hapo nje.

Mwanao anayekuheshimu,
Ilunga